Mawaridi ya Sweta

Desemba iliyopita, ofisini kwetu katikati ya jiji, walileta tawi la mti wa Krismasi lililokatwa asubuhi hiyo na bado linatoka utomvu. Niliambiwa nilisimamishe ndani ya ndoo. Nilipomaliza, vidole vyangu vilikuwa vinanata, nami bila kufikiri nikavinusa. Wenzangu walidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Sikuwa nimeshikwa na chochote. Nilikuwa nimenusa maua ya mama yangu, na ikanibidi nikae kidogo kwenye ngazi.

Ukimwambia mtu kwamba kuna waridi linalonukia mti wa Krismasi, atakutazama kwa huruma. Lakini lipo. Ni dogo. Mti wake ulinifika magotini nilipokuwa na miaka tisa, na ua lake likifunguka lote ni kadiri ya kizibo cha soda, rangi yake pinki kama ndani ya pera. Ua lenyewe halina harufu ya kusifiwa. Harufu iko kwenye tumba ambalo halijafunguka, kwa sababu limevaa manyoya ya kijani kuanzia shingoni hadi karibu na ncha, manyoya laini yenye utomvu. Ukilipapasa asubuhi utakula chakula cha mchana na harufu yake mkononi.

Tuliishi Kangemi, chumba kimoja chenye kijisehemu nyuma ambapo palikaa pipa la maji na kamba ya nguo. Nilikuwa mtoto wa pekee. Nyumbani waliniita mami, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake baba. Mama alikuwa na nasari ya maua kando ya barabara ya Ngong, mbele kidogo ya Adams Arcade: safu za miche ndani ya karatasi nyeusi za nailoni, karai la mbolea ya ng'ombe, na mkebe wa kumwagilia maji alioutoboa matundu kwa msumari. Baba alikuwa mtu wa mjengo. Miaka hiyo Kilimani ilikuwa inabomolewa nyumba baada ya nyumba, zile za zamani zenye vigae na bustani, ili maghorofa yasimame. Baba alibomoa, kisha akajenga palepale alipobomoa, na jioni akarudi na vumbi hadi kwenye kope.

Hakuwa mtu wa kuleta vitu nyumbani. Alikuwa mkimya pia, wa kujibu kwa kikohozi. Kwa hiyo tulishangaa siku alipoingia na karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa vizuri, akaiweka mezani mbele ya mama.

"Hii nimetoa kwa ile nyumba tunaangusha," alisema. "Mwenye nyumba amesema anayetaka achukue. Nimeona ni kadogo, nikajua hii ni yako."

Mama alikuwa mfupi, na hilo lilikuwa jambo ambalo baba alilitaja mara mbili kwa mwaka, akiwa na furaha sana. Ndani ya karatasi mlikuwa na matawi manne ya mwaridi, membamba, yenye miiba mingi iliyosongamana kama ndevu za siku tatu. Mama alicheka hadi akakaa. Kesho yake akayakata vipande na kuvitia kwenye udongo.

Vilishika vitatu. Vilipoanza kutoa matumba, mama aliyatazama akakunja uso, akanituma niitenge ile miche nyuma ya pipa. "Weka mbali, mami, isiambukize zingine." Alidhani ni ukungu, ule unaoshika mawaridi wakati wa baridi ya Julai. Akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akalisugua tumba moja kwa upole, kama unavyomfuta mtoto kamasi. Manyoya yalitoka, na baada ya siku mbili tumba likawa la kahawia, likaanguka. Alipoinua mkono kusugua la pili, ndipo alipovinusa vidole vyake.

"Aii," alisema. "Hii si ugonjwa. Hii imevaa sweta."

Tangu siku hiyo tuliyaita mawaridi ya sweta, na mpaka leo sina jina jingine kwayo.

Hakuuza hata moja. Si kwamba hakujaribu. Aliotesha mengine kutoka kwa yale matatu, akayapanga mbele kabisa, pale magari yalipopunguza mwendo. Wateja walishuka, wakainama, wakainuka haraka. "Mama, hii iko na ugonjwa." Aliwaeleza. Aliwaambia wanuse. Mwishowe akakata kipande cha katoni, akanipa kalamu kubwa ya wino, nami nikaandika kwa herufi zangu bora za darasa la tatu: SI UGONJWA. Tukakisimamisha mbele ya miche. Ukitaka kuwatia watu hofu, waandikie hivyo. Wale ambao hawakuwa wameona chochote sasa walisimama, wakasoma, wakavuka kwenda kwa jirani. Mama akaja nayo yote Kangemi, akayapanga ukutani nyuma ya pipa, akasema basi, haya ni yetu.

Hapo ndipo aliponifundisha kazi. Aliketi juu ya debe, mimi nikachuchumaa, naye alinipa kisu chake kidogo cha kukunja. Kijiti kisizidi kidole chako. Kata kwa mshazari, chini tu ya jicho, lile linalochipua. Toa majani ya chini. Na kama kuna ua au tumba, likate kwanza, hata kama linakuuma roho. Hilo alilirudia mara nyingi kwa sababu mimi nililia kuyakata yale matumba yenye sweta. "Kijiti hakina mizizi, kinakula akiba yake," alisema. "Ukikiachia ua, kitalisha ua mpaka kife." Mama alikuwa na fahari moja tu duniani: mche wake haufi kwa mteja. Ukikufia, alikwambia urudishe karatasi yake, akakupa mwingine na kukuuliza maswali mpaka ujute.

Kisha akaanza kukohoa. Sitaeleza mengi, kwa sababu sikuona mengi. Aliugua kifua, akakonda, akawa anavaa sweta mchana wa jua kali. Wanawake wa plotini, wapangaji wenzetu, waliokuwa wakinong'ona penye mfereji wa maji, walinyamaza nilipofika na mtungi wangu. Siku moja niliwahi kusikia neno moja kabla hawajanyamaza, nalo lilikuwa ugonjwa. Nilidhani wanayasema maua yetu. Nikawaambia kwa heshima zote, "Si ugonjwa. Ni sweta tu." Walitazamana. Mmoja wao alinijazia mtungi na kunibebea hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya, nami nikaenda kumwambia mama kwamba hatimaye kuna watu wameelewa.

Alilazwa hospitalini wiki mbili. Kile kisu kikabaki kwangu, mfukoni mwa sweta ya shule. Asubuhi moja tata, dada yake mama, alikuja akanivisha nguo ambazo hazikuwa za shule, na kutokana na vile alivyonifunga vifungo, kimoja kimoja bila kuzungumza, nilijua. Nakumbuka kwamba sikuhisi kitu. Watu waliingia, wakanishika kichwa, wakatoka. Nilitazama vikombe vya chai vikipungua kwenye trei. Wote walisubiri nilie, na kila niliposhindwa kulia walinitazama kwa wasiwasi zaidi, kana kwamba nimekataa kumwamkia mgeni.

Tulimzika kwenye makaburi ya umma ya Lang'ata, kwa kuwa baba hakuwa na shamba popote. Nilisimama mbele, karibu na udongo, na nilichokiona kwanza ni udongo wenyewe: mweusi, wa kunata, ule ambao mama aliuita udongo wa kupasua karai. Waridi halipendi udongo ule. Shimo lilipofukiwa na kutengenezwa tuta, yule aliyekuwa anaongoza shughuli akainua karatasi yake na kuita kama kawaida ya mazishi ya kwetu: familia ya marehemu waje wapande maua, kisha wamama wa kanisa, kisha majirani, kisha wafanyabiashara wenzake wa Ngong Road. Kila mtu alipewa ua kutoka kwenye beseni, akalichomeka kwenye tuta, akapigwa picha, akapisha mwingine.

Nilipanda la kwanza. Nilipolishika tu nilijua. Lilikuwa waridi jekundu la dukani, limefunguka lote, bua lake refu limekatwa moja kwa moja, mbali na jicho. Likachomekwa hivyohivyo. Na la pili hivyohivyo, na la tatu, la ishirini. Miongoni mwao walikuwa wanawake waliouza miche na mama kwa miaka, ambao walijua vizuri kama mimi, nao walichomeka tu na kwenda zao. Nilingoja mtu mzima mmoja aseme. Hakuna aliyesema. Nikaona jinsi itakavyokuwa baada ya siku tatu: tuta zima limekauka, na mama yangu, ambaye mche wake haufi kwa mteja, amelala chini ya maua yaliyokufa mbele ya watu wote. Niliona aibu kwa niaba yake. Hiyo ndiyo hisia pekee niliyoipata siku hiyo, aibu, na ilikuwa kubwa.

Mchungaji akasema tuiname kwa sala ya mwisho. Watu wote wakafumba macho. Mchungaji wetu hakuwa mtu wa sala fupi.

Nikatoa kisu cha mama, nilichokuwa nimekihamisha asubuhi kutoka kwenye sweta ya shule. Nilianzia kichwani mwa kaburi, nikashuka. Sikuwa na haraka wala hasira, nilifanya kama tulivyofanya nyumbani: shika shingo, kata, weka kando. Maua niliyalaza kwa mstari miguuni ili yasikanyagwe. Nakumbuka sauti ya kisu, tk, tk, na mchungaji akiwaombea wanaosafiri. Aliposema amina na watu wakafungua macho, zaidi ya nusu ya kaburi la mama lilikuwa vijiti vitupu.

Shosho, mama yake mama, ndiye aliyepiga ukemi. Kisha wote wakasema pamoja.

"Ngai! Hii mtoto imefanya nini?"

"Ameingiliwa na pepo huyu. Mshike hiyo kisu!"

"Kwa kaburi ya mamake, jameni, kwa kaburi ya mamake!"

Baba alikuja akipita katikati yao. Alinitoa kisu mkononi, akakikunja, akakitia mfukoni mwake. Akanishika mkono wa juu, akanipeleka hadi kwenye lori lililotuleta, akanipandisha mbele kwa dereva.

"Mbona umefanya hivyo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Hazingeshika," nilisema.

Akafunga mlango wa lori akarudi kwa watu.

Hakunipiga, wala hakulitaja tena jambo lile. Lakini wengine walilitaja. Tata alikaa nasi hadi mwisho wa mwezi, na kabla ya kuondoka alinikalisha akaniambia nisiguse maua tena, maana watu wanasema, na msichana akishasemwa hivyo mapema, itamfuata. Nilimwitikia. Kumwitikia hakukunigharimu kitu. Nilikwenda shule, nikarudi, nikapika ugali uliokuwa na madonge, baba akaula. Tulikaa pande mbili za meza jioni baada ya jioni, na redio ikazungumza kwa niaba yetu.

Mawaridi ya sweta yalikuwa matano ukutani. Hayakuwa yakipata maji, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa yangu nami nilikuwa nimekatazwa. Mbuzi wa jirani alikula mawili. Mawili yakakauka kwa jua la Januari. Nilipita hapo kila asubuhi kwenda msalani, nikayatazama yakifa, na nilijua kabisa maana yake, kwa kuwa nilikuwa na akili zangu: pale Kilimani palipotoka yale matawi sasa pana ghorofa, bustani imezikwa na zege, na nasari ya Ngong Road imechukuliwa na mama mwingine. Likiisha hili la tano, basi. Hakuna mahali popote tena. Nilijua hivyo, na nikaenda shule.

Lile la tano lilikuwa na matumba saba. Liliyatoa likiwa limebakiwa na majani machache, kama maua yanavyofanya yakikaribia kufa. Jumatatu moja nilirudi shuleni nikakuta limekatwa lote. Kisiki tu, urefu wa kidole gumba. Nikafikiri, baba ameamua kumaliza. Nikafikiri, sawa. Nilikwenda kuchota maji ya kupikia, na nilipoinama kando ya pipa nikaziona.

Karatasi saba nyeusi, zimejazwa udongo na kupangwa kwa mstari ulionyooka kama wa matofali. Alikuwa ameuchekecha udongo kwa chekecheo la mjengo, laini kuliko unga. Katika kila karatasi kijiti kimoja, na kila kimoja kimepandwa kichwa chini.

Huhitaji kuwa fundi kujua. Miiba ya waridi huinamia chini, na hii yote ilikuwa inatazama mbinguni. Nilisimama pale na mtungi, nikawaza ni mtu gani mzima asiyejua juu na chini ya mti. Kisha nikaona kipande cha karatasi ya saruji kando, na juu yake yale matumba saba yenye sweta, yamekatwa shingoni, yamelazwa kwa mstari. Kisu changu kilikuwa hapo, kimekunjwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hakuwahi kumfundisha. Mahali pekee baba alipowahi kuiona kazi ile ni Lang'ata. Wakati watu wanapiga kelele yeye alikuwa ametazama vile vijiti na maua niliyoyalaza, akashika neno langu moja, akalibeba wiki zote hizo mjengoni akilifikiria: ua likikatwa, inashika. Basi aliyakata. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo, akaona lazima mizizi itokee pale palipokatwa ua, akapatumbukiza hapo udongoni, vyote saba.

Niliketi chini kwenye matope ya pipa na sare yangu. Sikulia, lakini nilihisi kitu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Lang'ata.

Nikachukua kisu. Nilivitoa kimoja baada ya kingine, nikavikata upya chini ya jicho, nikavirudisha miguu chini, nikashindilia udongo kwa kidole gumba na kuusawazisha juu ili usionekane umeguswa. Nilikuwa nimekatazwa kugusa maua, na nikayagusa. Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja nyuma, kabla hata ya kuvua viatu, nami nilikoroga sufuria nikimsikiliza akimwaga maji kwa mkebe, polepole. Kama aliona miiba imegeuka, hakusema. Nimezeeka kiasi cha kumuuliza sasa, na sijamuuliza.

Vitano vilikufa. Kimoja baada ya kingine vikawa vyeusi kutoka chini, naye kila asubuhi alichuchumaa mbele yake kabla ya kwenda kazini, kofia ya mjengo mkononi, akiangalia tu. Halafu siku moja, giza likiwa ndiyo kwanza limeondoka, akaniita.

"Mami. Kuja uone."

Viwili vilikuwa vimefungua jicho. Kijani chenye wekundu, kidogo kama punje ya mtama.

"Unaona?"

"Naona."

"Imeshika?"

"Imeshika, baba."

"Mimi ndio nilipanda," alisema, akasimama, akavaa kofia yake. Siku hiyo alichelewa kazini.

Ilichukua hadi mvua zilipokuwa zimekaribia kwisha ndipo kimoja kilipotoa tumba. Lilikuwa moja tu, limevaa sweta yake yote, limeinama kidogo kwa uzito. Tulikuwa wote wawili nyuma, Jumapili, nguo zinaanikwa. Baba alipoliona alifuta mikono kwenye suruali, akatoa kisu, akakifungua na kunipa mimi kwa upande wa mpini.

"Toa," alisema. "Isikufe."

Nilikishika. Nikalitazama tumba, kisha nikamrudishia kisu chake.

"Hii iko na mizizi sasa," nilimwambia. "Hii tunaacha ifunguke."

Akakikunja kisu, akakaa akikigeuzageuza mkononi, akitazama lile ua na si mimi.

"Ile siku ya Lang'ata," alisema, "ningekuacha umalize."

Nililia hapohapo, kwa sauti, shuka lililolowa likiwa begani, nikamlilia mama yangu kwa mara ya kwanza tangu afe. Wanawake wa plotini walitoka milangoni mwao kutazama. Baba aliwaambia warudi ndani, mtoto hana neno, akaja akasimama karibu yangu mpaka nikamaliza.